Hidrojeni ya Mwezini na Mwalimu Bochaberi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Bwana Mwenyekiti wa bodi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi mliotoka pande zote za Kericho na Bomet, na nyinyi wasichana mlioketi pale nyasini: hamjambo nyote?

Mimi ni Chepkurui, niliyesoma hapa. Siku hizi kazi yangu ni kuchunguza takwimu za chombo kinachozunguka Mwezi kikitafuta hidrojeni, maana penye hidrojeni huenda pana maji. Lakini leo tunamuaga Mwalimu Esnah Bochaberi anayestaafu, na habari yangu ni yeye.

Kidato cha tatu, tuliochagua fizikia tulikuwa wawili tu, mimi na Sally. Kisha Sally akahamia Ndanai na wazazi wake. Bodi ya wakati huo ikataka somo lifutwe. Nililia nyuma ya jikoni. Nani angemfundisha mtoto mmoja? Mwalimu aliingia mkutanoni bila kualikwa, akasema, "Darasa mnaweza kulichukua. Mwanafunzi wangu simtoi."

Wakalichukua kweli. Tukawa tunasomea nje, kando ya majani chai ya shule, sweta zetu zikilowa ukungu. Asubuhi moja alikuja na gololi. Akairusha kwenye jiwe. Ikaruka nyuma kwa kasi. Akaigongesha kwa gololi nyingine. Ikasimama papo hapo.

"Nyutroni, ile chembe ya ndani ya atomu, nayo ni hivyo," akasema. "Ikigonga atomu nzito inaruka tu. Ikigonga hidrojeni, yenye uzito karibu sawa nayo, inapoteza mwendo."

Wasichana, ndiyo kazi yetu hiyo. Miale kutoka anga za mbali hupiga udongo wa Mwezi, nyutroni zikaruka juu. Pale chombo kinapopata chache zenye kasi, tunajua chini kuna hidrojeni.

Jamani, ningetoa nini nirudi kwenye asubuhi moja tu ya zile!

Leo nilipofika nilimwonyesha ramani yetu ya ncha ya kusini ya Mwezi. Akavaa miwani, akaitazama kwa muda.

"Chepkurui, hapa pa buluu ni maji?"

"Bado hatujathibitisha, Mwalimu. Tunajua ni hidrojeni."

"Vizuri. Ungesema ni maji, ningekukata alama."

Kisha akanishika mkono, na hakuuachilia mpaka tulipoitwa hapa.

Mwalimu, nenda ukapumzike, Mungu akutunze. Nanyi nyote, kwa kunisikiliza na kunivumilia, asanteni sana.