Daftari la Shemeji Lapitiwa Panga

Mimi ni fundi viatu, wananiita Soli, na benchi letu la mazungumzo liko mbele ya kibanda changu, kwa hiyo nasikia kila kitu hata siku ambazo ningependa nisisikie. Upande wa kulia hukaa Katiba, tarishi mstaafu, aliyebeba mafaili ya wakubwa miaka thelathini na moja, akarudi nyumbani akiamini kuwa yaliyoandikwa mle ndani yamemwingia kichwani. Anayefuata ni Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye huja benchini kila kiti chake kikikosa kichwa. Birika anauza kahawa, naye hukaa pale kahawa inaponyweka, yaani kwetu. Tuna sheria moja tu, na aliyeitunga ni Katiba: likizungumzwa jambo ambalo mtu ana maslahi nalo, mtu huyo anasimama na kufunga mdomo, waliokaa wanaamua, wakimaliza naye anakaa. Jumatano moja, saa tisa alasiri, alikuja Cheche, fundi wa kuchomea mageti, na kwapani alikuwa na daftari la mkewe.

Cheche: Shikamoo, Mzee Katiba. Jamani, habari za hapa?

Katiba: Marahaba. Za hapa nzuri, za kwako ndiyo naziona usoni.

Cheche: Wale wa mkopo walikuja jana. Ijumaa saa nne asubuhi wanabeba cherehani.

Birika: Cherehani ya shemeji? Ile ya sare za shule?

Cheche: Kwani tuna nyingine? Mwezi huu mimi nimepata geti moja, na mwenye geti analipa kwa ahadi. Tunakula kwa ile cherehani. Ikiondoka, sijui.

Alisema "sijui" akaishia hapo. Birika akammiminia kikombe bila kuulizwa, jambo ambalo Birika hafanyi kwa wepesi.

Wembe: Hakuna namna ya kuwaomba?

Cheche: Ipo. Yule kijana wao ameniambia nikimpelekea mpango wa maandishi, unaoonyesha kwamba nyumbani tutabana matumizi tupate elfu ishirini kila wiki ya kuwalipa, atanisogezea miezi mitatu. Ndiyo maana nimekuja na hili. Ni daftari la matumizi ya nyumba. Mwenyewe hajui kama ninalo, amekwenda kupeleka vipimo. Nisaidieni kukata.

Katiba alivaa miwani. Akachukua penseli yangu ya kuchorea soli, akailamba ncha, akafungua ukurasa. Tangu astaafu nadhani hajawahi kuwa na furaha ya namna ile.

Katiba: Kikao kimefunguliwa. Mstari wa kwanza. Sukari, elfu tatu kwa wiki. Nani ana maslahi?

Hakuna aliyesimama.

Wembe: Kata yote. Chai ni maji ya moto na moyo mkunjufu.

Cheche: Watoto je?

Wembe: Watoto hawajui tamu ni nini mpaka uwaonjeshe. Kosa lilikuwa lako.

Katiba: Sukari imekatwa. Mstari wa pili. Kunyoa watoto watatu na baba yao, elfu tatu.

Wembe akasimama polepole.

Birika: Hapa ndipo hela zinapopotelea! Nywele zinaota zenyewe, bure kabisa, halafu mtu analipa ziondoke. Wanyolewe nyumbani.

Wembe: Kwa kutumia nini, kisu cha vitunguu?

Katiba: Aliyesimama haongei.

Wembe: Siongei, nauliza.

Katiba: Kuuliza ni kuongea kwa mlango wa nyuma. Kunyoa kumekatwa. Kaa.

Wembe alikaa, na kwa jinsi alivyokaa nikajua zamu yangu haiko mbali. Kweli, mstari uliofuata ulikuwa wa viatu, elfu moja na mia tano, kushonea na kubandika. Nikasimama na sindano yangu mkononi.

Wembe: Mimi naona hivi. Watoto watatu, jozi tatu, ya nini? Mmoja anasoma asubuhi, mmoja mchana. Wabadilishane viatu njiani.

Birika: Na yule wa tatu?

Wembe: Wa tatu bado mdogo, abebwe.

Cheche: Ana miaka saba, bwana.

Wembe: Basi abebwe na mtu mwenye nguvu.

Nilitaka kusema kwamba kiatu kisiposhonwa wiki hii kitanunuliwa kipya mwezi ujao, na kwamba hilo nalijua kuliko mtu yeyote pale. Lakini nilikuwa nimesimama. Viatu vikakatwa, nikakaa, nikagundua nimedungwa kidole na sindano yangu mwenyewe.

Kwenye sabuni walikata nusu, baada ya Katiba kupendekeza kwamba familia ioge kwa ratiba itakayobandikwa mlangoni, wenye majina ya herufi za mwanzo siku moja, wa herufi za mwisho siku ya pili. Kwenye umeme wakaokoa mia tano kwa hoja ya Birika kwamba jua likizama watu walale tu, maana aliyelala haulizi kuna nini cha kula. Kisha wakafika kwenye kahawa, elfu mbili kwa wiki, na Birika akasimama na birika lake.

Wembe: Hapo mimi naomba tutulie. Kahawa si anasa.

Katiba: Swali la kiutaratibu. Sisi wote tunakunywa. Je, na sisi tuna maslahi?

Tukatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza sheria yetu kutugeukia.

Katiba: Natoa uamuzi. Anayeuza ana maslahi. Anayekunywa ana mazoea tu. Mazoea hayasimamishi mtu. Kahawa inabaki.

Birika alikaa na kutuongezea vikombe vyote, na hakuna aliyeona ubaya. Cheche alikuwa anafuatilia mistari kwa kidole, midomo yake inahesabu.

Cheche: Jamani, tumefika elfu tisa. Bado kumi na moja.

Katiba: Twende kwenye unga.

Hapo ndipo kikao kilipoacha reli. Birika alisema chai ya asubuhi isogezwe hadi saa sita, iwe chai na chakula cha mchana kwa pamoja, na cha mchana kisogezwe hadi jioni, na cha jioni kisogezwe hadi kesho yake, ambako kitakutana na chai. Wembe akasema hiyo ni hesabu ya mtu aliyeshiba. Dawa ni kuuza meza na viti, watu wale wamesimama, kwa sababu tumbo la mtu aliyekaa linapanuka.

Birika: Nani kakwambia?

Wembe: Mimi nawaona watu wamekaa kutwa nzima. Nakwambia linapanuka.

Katiba: Mnacheza na vitu vidogo. Nyumba yenyewe ndiyo gharama. Funga nyumba! Mtoto wa kwanza kwa shangazi yake, wa pili kwa mjomba, wa tatu kwa bibi. Miezi mitatu. Hakuna unga, hakuna umeme, hakuna sabuni.

Cheche: Na mimi na mke wangu?

Katiba akafikiri sana.

Katiba: Nyie muugue. Wodini kuna kitanda na uji.

Cheche: Mzee, nimekuja na shida ya kweli.

Katiba: Na mimi nakupa jibu la kweli. Shida yako hutaki kuumia.

Cheche: Mkopo wenyewe mnajua ulivyokuja. Si kwamba nyumbani tulikuwa tunakula sana.

Katiba: Chanzo cha mkopo hakimo kwenye ajenda. Ajenda ni matumizi.

Mimi nikainamia kiatu kilichokuwa hakina tatizo lolote, nikaanza kukitafutia. Wembe alikuwa anasafisha kucha. Birika akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba. Cheche naye hakurudia.

Katiba: Mstari unaofuata. Uzi, vifungo, mafuta ya cherehani. Elfu kumi na moja!

Birika: Ngapi?

Katiba: Kumi na moja. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaitafuta, ndugu zangu. Ilikuwa imejificha huku chini. Nani ana maslahi? Kuna mtu hapa anauza uzi?

Hakuna.

Katiba: Kuna mtu hapa anashona?

Birika: Soli anashona.

Katiba: Soli anashona ngozi. Nazungumzia nguo.

Hakuna aliyesimama, na mstari usio na wa kusimama hupita mbio. Lakini Cheche aliweka kiganja juu ya ukurasa.

Cheche: Mzee, huo hapana. Huo si matumizi, huo ndio kazi yenyewe. Mke wangu bila uzi...

Katiba: Wewe ni mume wa mshonaji?

Cheche: Ndiyo.

Katiba: Unakula kinachotokana na huo uzi?

Cheche: Si nimeshasema?

Katiba: Basi una maslahi makubwa kuliko sisi sote. Simama, ufunge mdomo.

Cheche alitutazama mmoja mmoja. Nilipofikiwa mimi nilikuwa bado natafuta tatizo la kile kiatu. Akasimama. Wembe akasema miezi mitatu bila kununua uzi haijamuua mtu, shemeji anaweza kufumua nguo za zamani akatumia uzi wake. Birika akaunga mkono. Katiba akaweka penseli juu ya mstari, akavuta polepole kutoka uzi hadi mafuta, akajumlisha, akapiga goti lake kofi.

Katiba: Elfu ishirini kamili! Hata senti haikuzidi. Ofisini wakubwa walikuwa wanakaa wiki mbili kwa kazi hii.

Cheche: Umebaki mstari mmoja. Rejesho la mkopo.

Katiba: Huo haukatwi, kwa hiyo haujadiliwi. Kikao kimefungwa.

Alikuwa anakunja miwani yake alipotokea shemeji mwenyewe, mke wa Cheche, utepe wa kupimia ungali shingoni na mfuko wa plastiki mkononi. Alikuwa anatafuta daftari. Tulimkaribisha kahawa kwa sauti za juu mno, akashukuru, akasema hakai. Akalichukua daftari mikononi mwa Katiba kwa adabu, kama mtu anayepokea chenji, akaanza kusoma mistari iliyokatwa. Kwenye sukari alitikisa kichwa kukubali. Kwenye kunyoa akasema sawa, atawanyoa mwenyewe. Kwenye viatu akanitazama, akaniambia pole. Kwenye uzi kidole chake kikasimama.

Shemeji: Nani kakata hapa?

Wembe: Kikao, shemeji. Ilikuwa kura ya wazi.

Shemeji: Nyumbani nina sare kumi na mbili mezani, zimeshakatwa, zinangoja uzi tu. Nikizimaliza kesho jioni nalipwa elfu hamsini. Ijumaa asubuhi ningewapa wale watu hiyo, wangeondoka.

Birika: Hatukujua.

Shemeji: Mngejuaje? Aliyekuwa anajua mlimsimamisha.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angetupigia kelele, tungepata la kumjibu. Aliomba penseli, Katiba akampa, akaandika upya mstari wa uzi chini ya ule uliokatwa, kwa mwandiko uleule wa kunyooka. Halafu akashuka na kidole hadi mstari wa mwisho.

Shemeji: Baba watoto alinieleza sheria yenu. Anayeguswa na jambo anasimama. Ni sheria nzuri, hata mimi naipenda. Sasa naomba kuuliza kitu kimoja, niende zangu. Hapa kwenye rejesho, nani alisimama?

Katiba akaikunjua miwani yake, akaikunja tena. Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Wembe, halikutoa hata tone.

Ni wajibu wangu kueleza, maana anayesoma hakuwepo. Mwaka jana tulikaa kwenye benchi hilihili, sisi watano, tukaamua tununue mashine iliyotumika ya kufyatua matofali. Mkopo wa laki tatu. Wenye hela walitaka dhamana ya kitu kinachobebeka, na katika nyumba zetu tano nyumba yenye kitu cha maana ilikuwa moja. Tukamwambia Cheche aandikishe jina lake, kila mmoja atakuwa analeta fungu lake mwisho wa mwezi. Shemeji aliweka sahihi kwa sababu tulimwendea nyumbani, sote, tumevaa vizuri. Mashine ilifanya kazi siku kumi na moja ikavunjika mkono. Sasa iko nyuma ya chumba cha Wembe, anaanikia taulo. Birika alilipa miezi miwili. Mimi pia miwili. Wembe mmoja. Katiba alituandikia kanuni za kulipa.

Shemeji alikuwa anangoja. Alitupa muda wa kutosha, si wa kutukomoa, ni kama alitaka kweli kujua. Niliona aibu, nasema wazi, aibu iliyonipanda hadi masikioni. Mfukoni nilikuwa na elfu nne za soli mbili za mteja wa asubuhi, na nilijua nikinyanyuka tu hizo si zangu tena, na za kesho pia si zangu. Sikunyanyuka. Nikamtazama Wembe anyanyuke kwanza, nikamkuta ananitazama mimi.

Tulikuwa wanne kwenye lile benchi, na wote wanne tumekaa. Aliyekuwa wima mbele ya kibanda changu, pembeni ya mkewe, ni Cheche peke yake, na yeye alikuwa bado amesimama kwa ajili ya mstari wa uzi.