Rosaline Gathoni na Aliyekuwa Mbele Yake

Marehemu Rosaline Gathoni alizaliwa Saboti tarehe 14 Machi 1984, binti wa tatu wa Mzee Mbogo na Mama Nyambu, wakulima wa mahindi. Mama yetu husema kwamba utotoni hakulia sana, ila alikuwa na tabia ya kumkodolea macho mtu ambaye wengine hawamwoni mlangoni. Tulilichukua hilo kama mzaha wa nyumbani.

Alisomea Saboti hadi darasa la nane, akaendelea na sekondari na kumaliza mwaka 2002. Baadaye alijifunza ushonaji mjini Kitale, akafungua duka lake karibu na soko. Nguo nyingi za harusi mlizovaa ninyi mlioketi hapa zilipita mikononi mwake.

Tarehe 5 Desemba 2009 alifunga ndoa na Bwana Wanyonyi wa Chwele, mfanyabiashara wa ng'ombe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Wanjala na Nabwile.

Mwaka 2016 mwalimu mmoja, Lenah Cherop, alimletea kazi ya kushona sketi pana za densi ya nyonga, ile yenye asili ya Misri. Rosaline alizipeleka ukumbini, akakaa kutazama, na jioni akarudi nyumbani akiwa mwanafunzi. Densi yao haikuwa na mpangilio wa kukariri. Mmoja alisimama mbele akiongoza, wengine nyuma yake, na kwa ishara ndogo ya mkono au bega aliwaambia kinachofuata. Akichoka aligeuka, akamwangalia mwenzake na kumwachia nafasi.

Mwanzoni alihangaika sana. Nyonga ya kulia ilipanda, ya kushoto ikakataa. Wanyonyi anakumbuka alivyomkuta jikoni akipandisha nyonga kila alipogeuza mwiko. Ugali ulitoka na madonge, na waliula wote wakicheka. Ukumbini alichelewa kila mara, mpaka Mwalimu Lenah alipomwambia, "Usiangalie nyonga yangu. Nyonga huja ikiwa imechelewa. Angalia kifundo cha mkono, ndicho husema kwanza."

Tangu hapo hakuchelewa tena. Mwalimu Lenah ametueleza kuwa baada ya mwaka mmoja hivi alianza kuona kitu kilichomsumbua: Rosaline alizunguka kabla mkono wa kiongozi haujainuka, na kiongozi akajikuta akiinua mkono kuashiria mzunguko ule ule. Alipomuuliza, Rosaline alishangaa. Alidhani wote wanaona anachokiona yeye.

Densi hiyo haikupokelewa vizuri na kila mtu. Kanisani aliombwa aondoke kwenye kwaya. Aliondoka, akaendelea kuketi kiti cha nyuma kila Jumapili. Mama mkwe wake, Mama Sellah, alisema wazi kwamba mke wa mtu hatingishi nyonga mbele ya watu, na kwa miaka kadhaa hakukanyaga nyumba yao ya Kitale.

Tarehe 17 Desemba 2022, shemeji yake Wamalwa alioa huko Kanduyi, na bibi harusi akaomba kikundi kicheze. Akina mama wazee walikuwa wameketi kivulini, kando ya ukuta wa mawe ambao haujakamilika. Mama Sellah alikigeuza kiti chake asitazame. Rosaline ndiye aliyekuwa akiongoza. Katikati ya wimbo alishusha mkono nyuma yake, kiganja juu, ishara ambayo hakuna aliyewahi kufundishwa. Mwenzake Cherono anasema miguu yao ilitii kabla hawajafikiri. Waliingia kati ya wale wazee, kila mmoja akamshika mzee mmoja mkono, wakawapeleka juani huku wageni wakishangilia. Rosaline alimshika Mama Sellah, naye akainuka akinung'unika.

Kisha ukuta ukaanguka juu ya viti vitupu.

Watu waliposhukuru na kulia, Mama Sellah alimvuta pembeni. Hakumuuliza alijuaje. Alimuuliza, "Yule mwanamke aliyekuwa mbele yako ni wa kwetu ama wa kwenu?"

 Rosaline akamwambia, "Mama, sijui. Mimi namuonanga mgongo tu."

Hadi siku hiyo hakuwa amemwambia mtu, hata mume wake. Tangu siku hiyo Mama Sellah alikuwa mgeni wa kila mara Kitale, na wawili hao waliongea kwa sauti ya chini hata kukiwa hakuna mtu wa kuwasikia.

Mwaka 2024 Rosaline aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alicheza alipoweza, kisha akaketi akiongoza kwa mikono, na mwishowe akalazwa hospitalini Bungoma. Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2025, mchana, Mama Sellah alikuwa kando ya kitanda. Aliona kifundo cha mkono kikiinuka polepole juu ya blanketi, akamuuliza kama anataka maji.

"Hapana, Mama," alisema. "Amegeuka. Ananiangalia."

Mama Sellah alimuuliza anafanana na nani. Rosaline alitabasamu kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua tayari, akaushusha mkono. Hakupumua tena.

Ameacha mume wake Wanyonyi. Watoto wake Wanjala na Nabwile. Wazazi wake Mzee Mbogo na Mama Nyambu. Mama mkwe wake Mama Sellah. Ndugu zake, nikiwemo mimi Kimotho ninayesoma. Mwalimu Lenah, Cherono na kikundi chote. Baada ya udongo wenzake watacheza, na mchungaji ameridhia. Mama Sellah ameomba asimame nao.

Gathoni, umetangulia. Tulia kwa amani. Sisi tunafuata.