Magdalene Nzisa na Miti ya Radi

Dada yetu Magdalene Nzisa Ndegwa, tunayemsindikiza leo hapa Ruiru, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Matuu, kifungua mimba wa Mzee Munyao na Mama Kanini, na tangu utotoni, mvua ikinyesha wenzake wakikimbilia jikoni, yeye alibaki nje akitazama radi kama anayesimuliwa hadithi.

Alisoma shule ya upili Thika, kisha uhandisi wa umeme Juja, ambako mwaka 2004 aliajiriwa maabara, akitafuta kwa nini plastiki ngumu inayozuia umeme huvumilia volti za kawaida miaka mingi, lakini ikipigwa mapigo ya volti ya ghafla, mafupi mno kuliko kupepesa jicho, hatimaye hutoboka. Palipotoboka paliota alama mfano wa mti mdogo wenye shina na vitawi vyembamba, naye Nzisa alikiinua kipande hicho kwenye mwanga wa dirisha, akapotelea humo hadi chai ikapoa.

Vipande hivyo vya plastiki alimiminiwa kwenye kalibu na Zacharia Ndegwa, fundi wa Ruiru, ambaye siku moja alilalamika, "Mwalimu, kila nikileta unatoboa," akajibiwa, "Basi leta kingine." Alileta, akazidi kuleta hata ambavyo hakuagizwa, na tarehe 13 Desemba 2008 wakafunga ndoa, wakabarikiwa Mitchell na Mukonyo.

Kwa miaka mingi walitengeneza pamoja mashine ya kuua vijidudu vya maziwa kwa mapigo hayo ya umeme, bila moto, lakini plastiki ya kuzuia umeme ndani yake ilizidi kuwaangusha, mpaka walipong'amua kwamba umeme ulipenyea kwenye vipovu vya hewa, wakaanza kuinyonya hewa kabla plastiki haijaganda.

Februari mwaka jana aliugua saratani ya tumbo. Dawa zikimlewesha, alisema anatembea katika msitu wa miti ya mwanga, wala hachoki. Tarehe 9 Julai mwaka huu Zacharia alitoka maabara moja kwa moja hadi kitandani kwake.

"Kipande kimeshika, Nzisa. Tumekipiga kutwa, hakijatoboka."

"Na mti?"

"Hakuna mti."

Alitabasamu, akasema, "Nitaikosa ile miti," akalala, na tarehe 11, alfajiri, akatuacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kamakis waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa maabara, waliozima mitambo wakasimama kimya.

Pumzika, Nzisa, amani ya Mungu ikufunike, wala usiwe na haraka ya kumwita Zacharia.