Sista Vidole Anaweka Simu Chini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, kumi na minne kati yake akiwa na simu sikioni, Sista Vidole wa kliniki yetu ya mifupa anastaafu tarehe 30 Juni. Anaacha meza moja iliyobanwa kati ya kabati la plasta na dirisha lisilofungika.

Kazi yake ilikuwa kuwapigia wagonjwa waliofanyiwa upasuaji mdogo na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mwanzoni tulimcheka kwamba analipwa kwa kupiga soga. Alitujibu kuwa mtu hata akiwa hoi, ukimwuliza hali atasema hajambo. Ndiyo maana yeye haulizi hali, anauliza vidole: vinacheza, vina joto, na nani amekufunga kamba za viatu leo?

Kukosea, alikosea pia. Siku moja alibonyeza namba siyo, akamhubiria fundi cherehani asiyemjua dakika kumi nzima kuhusu kuinua miguu juu ya mto. Yule bwana, kwa heshima zake, akatii. Wiki iliyofuata alikuja kushukuru kwamba miguu imeacha kuvimba.

Lakini si yote yalikuwa ya kuchekesha. Mwashi mmoja, aliyefungwa plasta ya mkono asubuhi, alimwambia kuwa yu buheri wa afya. Sista akamtaka ashike kikombe. Kikamponyoka. Vidole vilikuwa baridi, havihisi kitu. Akamwagiza mkewe amlete saa hiyohiyo. Plasta ilichanwa upesi, na daktari alisema wangechelewa kidogo tu, mkono ungepotea. Mwashi huyo ndiye aliyejenga ukuta wa lango letu, nami kila nikipita naugusa. Habari za soga ziliishia hapo.

Mwezi uliopita goti la Sista mwenyewe lilitibiwa hapahapa, na zamu ya kumpigia ikawa yangu. Nilimwuliza hali, akasema hajambo kabisa. Nilikaribia kukata simu, kisha nikamwuliza nani amemfunga kamba za viatu. Akakiri kuwa ni binti yake, na goti limevimba tangu jana. Alicheka mpaka akakohoa, akasema sasa anaweza kustaafu.

Dada yetu, asante kwa mikono na miguu yote uliyoiokoa. Tunakuombea siku nyingi za raha, mguu ukiwa juu ya mto. Jumatatu tutakupigia, na usije ukatujibu kwamba hujambo.