Kikopo cha Ugoro Kilichorudi

Usinibetulie mdomo kabla sijaanza. Kama huamini, kunywa kahawa yako kimya. Siku ile mvua iliwafukuza wanakijiwe barabarani, wakaliingiza benchi lao ndani ya karakana ya seremala wanayemwita Randa. Walikuwa watatu: Randa mwenyewe, Kiraka mshona viatu, na Breki fundi baiskeli, mtu wa kusema leo akafikiri kesho. Birika lilikuwa limejaa na hakuna aliyeligusa. Juu ya meza ya kazi, katikati ya maranda, kilikaa kikopo cha ugoro cha mti, cha kizamani, kimechongwa nakshi ya magamba ya samaki hadi kwenye kifuniko. Marehemu baba yake Randa aliusia azikwe nacho, na wiki sita nyuma wote watatu walikiona kikitiwa kiganjani mwake.

— Umekikuta hapo hapo? aliuliza Kiraka.

— Hapo hapo, asubuhi. Na mlango niliufunga kwa ufunguo.

— Basi ni wezi wa makaburi.

— Mwizi gani anakuletea mpaka kazini? alisema Breki. Kwani ni tarishi? Mzee amekuja mwenyewe. Ugoro umemwishia.

Kiraka akapandisha miguu juu ya benchi.

— Kifungue tuone.

— Fungua wewe.

— Baba ni wako, bwana.

Randa hakukigusa. Wenzake waliogopa kikopo cha mzee. Yeye aliogopa zaidi, kwa sababu hakikuwa cha mzee. Karibu na kifuniko gamba moja lilikuwa limepasuka, pale patasi ilipoteleza. Patasi yake. Alikichonga mwenyewe siku ya msiba, mlango ameurudishia, akakipaka mafuta na masizi kionekane kikuukuu, akakitia mkononi mwa maiti. Cha kweli alimuuzia mnunuzi wa vitu vya kale, na mnunuzi huyo kashaondoka, hajulikani aliko. Kwa hiyo hiki kilichokaa mezani kimetoka kaburini.

— Mimi naona hajaondoka, Breki alinong'ona. Yumo humu humu. Anatusikiliza.

Mlango ukasukumwa. Breki aliruka, akalipiga birika teke, kahawa yote ikanywewa na maranda.

Alikuwa shangazi yake Randa, mwavuli unachuruzika. Aliwatazama wanaume watatu walivyobanana ukutani.

— Na ndevu zenu hizo. Hicho nimekiweka mimi. Ufunguo wa pili ninao tangu kaka yangu yu hai.

— Shangazi, kilizikwa. Tulikiona.

— Nilikitoa nilipomuaga. Miaka hamsini nachota ugoro wa kaka yangu, nisikijue kikopo chake kwa kidole? Nikasema nikungoje, utakuja kuniambia. Wiki sita nimekungoja.

Kiraka alishusha pumzi, akaanza kucheka. Shangazi akamgeukia. Kicheko kikamkauka.

— Sasa mwanangu, cha kaka yangu kiko wapi?

Randa aliinama, akaanza kuzoa maranda yaliyolowa kahawa. Kiraka alimtazama Breki, Breki akaitazama sakafu.

— Kiko wapi?

Mvua ilipiga mabati. Shangazi akainua mwavuli wake.

— Mimi nimeuliza kwa upole. Akija kuuliza mwenyewe, utamjibu wewe.

Akatoka, akaufunga mlango.