Hotuba ya Kumuaga Mpiga Chapa

Binti mshona mapazia alitega sikio. Kwenye kiti cha mbele yake ndani ya basi, mama mpiga chapa anayestaafu kesho alikuwa akimlalamikia fundi kompyuta aliyekaa naye. "Programu hii ya kuandikia ina upungufu, mwanangu. Bosi kanipa nichape hotuba ya kuniaga mimi mwenyewe! Nikijisifu naona haya, nafuta. Hawakuweka kitu cha kumzuia mtu asifute?"

"Hawakuweka, mama. Ila siku hizi zipo zinazoandika zenyewe."

"Zinanijua?"

Fundi akamgeukia. Binti naye akajaribu kujitungia hotuba yake mwenyewe ya kuagwa moyoni, asipate hata mstari.

"Basi nieleze mimi," fundi akasema. "Kazini wewe ni mtu wa namna gani?"

Mama akafungua kinywa. Basi likasimama kituoni kwake, akashuka kinywa kikiwa bado wazi.