Robo ya Shamba la Mogire

Benchi la mbele ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi, ya Nyamarambe halikukosa watu mwaka ule wa 1994. Wiki tatu baada ya kumzika mkewe Nyamoita, Mogire alirudi kuketi pale kwa mara ya kwanza. Alipewa kikombe cha chai, akakishika tu. Wote walijua aliuza shamba lake la majani chai ili mkewe apasuliwe, na kwamba mnunuzi, Mwalimu Ogoti, alizuia robo ya bei, eti ni kodi ya serikali, mpaka cheti kitoke Nairobi. Pesa ya kwanza ilimalizwa na vipimo na dawa. Robo hiyo ndiyo iliyokuwa ya upasuaji.

— Itatoka tu, alisema Onyancha, aliyeitwa Wakili kwa kuwa zamani alikuwa tarishi kortini. Sheria iko wazi. Ukiuza ardhi, serikali inashika robo. Ukitoroka nchi, itakupata wapi?

— Sio Nairobi peke yake, alidakia Joash, ambaye benchi lilimwita Redio. Hizo karatasi zinaenda mpaka Benki ya Dunia. Mzungu anasoma jina ya kila mtu ameuza shamba.

— Huyo mzungu anajua hapa Nyamarambe ni wapi? aliuliza mmoja.

— Ako na kompyuta! Kama babako aliacha deni ya mbolea, inalia.

— Ndiyo maana inachukua miezi nane, alisema Wakili. Na shamba ya majani chai ni kumi. Majani inamea, kodi nayo inamea.

Miezi mitano nyuma Mogire aliambiwa mambo kama hayo hapo hapo, na yalimtuliza.

Wakati huo akafika Bharti, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Kisii mjini. Nyamoita alikuwa fundi cherehani, mteja wake wa miaka mingi. Walimpisha akae.

— Karibu, Mama Ronak.

— Asante. Pole sana, ndugu Mogire. Nimesikia jana tu.

Alikaa, kisha akauliza:

— Ni kodi gani hiyo mnasema?

Wakili akamweleza yote, kidole juu. Bharti akakunja uso.

— Sisi tumeuza nyumba yetu ya Nyamira mwaka jana. Hatukukatwa kitu. Mnunuzi ndiye alilipa ushuru wa stempu, mfukoni mwake. Hiyo kodi ya muuzaji ilisimamishwa tangu themanini na tano.

— Labda nyinyi watu wa maduka, alisema Redio.

— Sheria ni moja. Nani aliwaambia?

Mogire alimtazama Wakili. Wakili akamgeukia Redio.

— Mimi niliitoa kwako, hiyo habari.

Redio aliangalia viatu vyake. Ndani, mashine ikazimwa, na sauti ya Redio ikasikika yote.

— Mimi niliambiwa na Ogoti. Pale kwa bucha. Ile siku ametoka kuona shamba.

Wakili alimshika Mogire bega.

— Omogaka, mzee wangu, nilidhani najua.

Mogire aliuondoa mkono ule taratibu, akaweka kikombe chini, akasimama.

— Nyamoita alikuwa ananiuliza hiyo pesa kila asubuhi pale wodini, alisema. Mimi namwambia, ngoja, ni serikali. Siku ya mwisho hakuuliza. Aliniambia nisigombane na mtu.